Ukuta wa Darini: Kanisa Liseme Nini juu ya Kondomu?



Tunawasalimu nyote wa vijiji vya Nakivale, mliotoka Rutshuru na Masisi, mliotoka Fizi na Uvira, na ndugu zetu wa Burundi na Rwanda ambao Kiswahili kinatukalisha nao kwenye benchi moja. Somo la leo si jepesi. Tunajua gazeti hili dogo husomwa kwa sauti nyumbani jioni, baba akisoma na watoto wakisikiliza, na pengine leo baba atafika mstari wa tatu na kulikunja. Tunaomba asilikunje. Kama anaona vema awatume wadogo kuchota maji kwanza, lakini asome.

Swali ni hili. Serikali inapojitahidi kondomu zifike kila kituo cha afya, bure, zikiwa nzima, na watu wafundishwe kuzitumia ili UKIMWI usienee, kanisa lisimame wapi? Lipinge? Linyamaze? Lisaidie? (Sisi wa Kongo tumezoea kusema kapoti, na ugonjwa tuliuita SIDA, leo tutatumia maneno ya hapa.)

Zamani tulikuwa na jibu fupi. Tulilitoa siku moja kwa mtu aliyetuamini, na yeye ndiye aliyelilipia.

Ilikuwa mwaka 2014, miaka miwili baada ya sisi kukimbia vita vya Rutshuru. Mama mmoja wa kwaya alitujia baada ya ibada ya Jumatano. Mume wake alikuwa anafanya kazi mjini, anarudi mwisho wa mwezi. Mume huyo alikuwa amefanya jambo ambalo wanaume wachache hulifanya: alipima damu, akakutwa na virusi, akarudi nyumbani akamwambia mkewe kweli yote huku analia. Wakaenda kupimwa pamoja. Mama hakuwa na virusi. Mume alikuwa bado hajaanzishiwa dawa. Muuguzi akawapa kondomu, akawaeleza namna ya kuzitumia, akawapa siku ya kurudi.

Mama alikuja kwetu na swali moja tu. “Mchungaji, kitu hiki kikiingia kwenye kitanda cha ndoa, Mungu atatukasirikia?”

Tukamjibu kwamba kondomu ni ya watu wa baa. Tukamwambia ina vitundu vidogo ambavyo virusi hupenya, kwa hiyo ni udanganyifu wa dunia. Tukamwambia afunge na kuomba, na Mungu atamlinda kama alivyowalinda wale vijana watatu katika tanuru la Babeli. Tukamwekea mikono. Akaenda nyumbani, akazitupa zile kondomu chooni.

Mwaka uliofuata alikutwa na virusi.

Katika ukurasa huu tumezoea kuandika “sisi”, ndivyo wachungaji tulivyofundishwa kuandika. Lakini siku ile kwenye kiti hawakuwapo watu wengi. Alikaa mtu mmoja, na ndiye anayeandika haya. Mama yule yu hai, anameza dawa zake, na mpaka leo anaimba sauti ya pili. Ametupa ruhusa kuandika, kwa sharti kwamba jina lake na kijiji chake visitajwe. Hajatulaumu hata siku moja. Pengine angetulaumu tungelala vizuri zaidi.

VITUNDU TULIVITOA WAPI?

Neno la vitundu hatukulibuni sisi. Tulilipata chuo cha Biblia, miaka ile ya 2000. Mwalimu alichora ubaoni duara kubwa na nukta ndogo ndani yake. Duara ni tundu la mpira, nukta ni kirusi. Tukalinakili katika daftari kama tulivyonakili safari za Paulo, na hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza ni nani aliyepima. Neno hilo lilikuwa limezunguka dunia. Mwaka 2003 kardinali mmoja wa Vatican alilisema mbele ya kamera za televisheni, na Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba si kweli. Ndugu zetu Waprotestanti wasicheke. Sisi tulilihubiri vilevile, ila hatukuwa na kamera.

Kweli ni hii. Kondomu ikiwa nzima, virusi vya UKIMWI havipiti katika mpira wake. Inashindwa kwa njia nyingine. Inapasuka, au inavuka. Inakuwa imepita tarehe yake, au imekaa miezi chini ya bati la moto. Mtu anaipaka mafuta ya mgando, yale ya kujipaka ngozi, na mafuta hayo yanaulegeza mpira. Na zaidi ya hayo yote, leo inatumika na kesho inaachwa. Watafiti waliofuatilia wenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana walikuta kwamba kuitumia kila mara kunapunguza maambukizi kwa karibu asilimia 80. Si 100, na anayewaambia vijana kwamba ni 100 naye anadanganya. Lakini hebu tuihesabu hiyo 80 kwa vidole. Wake kumi ambao wangeambukizwa na waume zao, wanane wasingeambukizwa. Mama wa kwaya yetu hatuwezi kujua angekuwa wa wanane au wa wawili. Tunachojua ni kwamba tulimwondoa katika hesabu hiyo kwa maneno ya kinywa chetu.

Tena tulifanya hivyo kwa nia njema, na hapa ndipo penye swali la dhamiri. Tuliogopa kwamba tukisema kondomu inazuia virusi, watu wataona zinaa haina hatari. Basi tukaona ni afadhali waogope kitu kisicho kweli, mradi waogope. Tulitaka kuilinda amri ya saba kwa kuivunja ya tisa. Lakini Mungu aliyekataza uzinzi ndiye aliyekataza ushahidi wa uongo, na hakuna mahali alipotuambia kwamba amri zake zinahitaji kusaidiwa na uongo ili zisimame.

NGAO ILIYONUKA

Nchi hii iliyotupokea imetembea safari ndefu katika jambo hili, na inafaa sisi wageni tuijue. Ugonjwa waliuita silimu, kwa kuwa ulimkondesha mtu. Serikali ya Rais Museveni ilianza mpango wa kupambana nao mwaka 1986, ikaongea waziwazi wakati nchi nyingi zilikuwa zinaficha. Msemo ulioshika ulikuwa wa wafugaji: kila ng'ombe ale katika zizi lake. Mwaka 1987 Mama Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO, kuwashika mkono wagonjwa na familia zao. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema anao, akazungumza na watu mpaka alipofariki Desemba ya mwaka huo huo. Watu wengi walibadili mwenendo wao. Hiyo ni kweli, na kanisa lina haki ya kuisema. Kondomu wakati ule zilikuwa chache na Rais mwenyewe hakuzipenda. Zilienea zaidi katika miaka ya 1990.

Ile ya serikali, iliyotolewa bure, iliitwa Engabu. Ninyi mnaosema Kinyarwanda na Kirundi mnalisikia neno lenu humo, ingabo, yaani ngao. Wengine tunakumbuka Waefeso sura ya 6. Basi mwaka 2004 watu walilalamika kwamba Engabu zinanuka. Zilipopimwa zikashindwa, serikali ikazirudisha, ikaagiza kila mzigo mpya upimwe hapa nchini kabla haujagawiwa. Agizo lilikuwa jema, lakini uwezo wa kupima haukuwa tayari. Mamilioni ya kondomu yakalala ghalani, na mwaka 2005 upungufu ukaenea nchini na bei madukani ikapanda. Miaka ile ile fedha nyingi za Marekani zilikuwa zinaingia kwa mpango wa PEPFAR, uliotangazwa mwaka 2003, zikiwa na sharti kwamba theluthi moja ya fedha za kinga ifundishe watu kujizuia mpaka ndoa. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2008. Tusiwe watu wasio na shukrani: mpango huo huo ulileta dawa kwa mamilioni ya Waafrika.

Sisi tulikuwa bado Kongo, darasani. Habari ya Engabu ilitufikia, tukaipigia makofi. Tulisema, mmeona, ngao ya dunia imenuka! Hakuna aliyeuliza mke wa mtu mwenye virusi alijikinga na nini mwaka ule.

SHERIA TUNAYOIRUKA

Katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8, iko sheria moja ambayo wahubiri huipita haraka, maana imekaa katikati ya mambo ya viota vya ndege na mashamba ya mizabibu. Inamwagiza mtu ajengaye nyumba mpya auzungushie ukuta mdogo upande wa juu, darini, ili mtu asianguke kutoka huko na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo.

Nyumba zao hazikuwa na mabati yaliyoinama kama yetu. Paa lilikuwa tambarare, na maisha mengi yalifanyika huko juu. Rahabu aliwaficha wapelelezi darini chini ya mabua ya kitani. Petro alipanda darini kuomba saa sita, ndipo akaona yale maono ya nguo kubwa. Na Daudi, jioni moja, alikuwa anatembea darini alipomwona mke wa Uria anaoga. Sote tunajua yaliyofuata.

Kwa hiyo dari ilikuwa mahali pa sala na mahali pa tamaa. Sheria haikutenga. Haikusema ukuta uwekwe kwa ajili ya wanaopanda kuomba, na wanaopanda kwa macho mabaya waachwe waanguke ili wajifunze. Haikumwagiza mwenye nyumba amuulize mtu amepanda kufanya nini. Ilimwambia: weka ukuta. Usipouweka, mtu akifa, damu ni juu ya nyumba yako, hata kama aliyeanguka alikuwa amelewa.

Wala hatusomi kwamba mzee yeyote wa Israeli alisimama langoni akilalamika kwamba ukuta huo unawaalika vijana kucheza darini.

Sisi tunaona kondomu ni ukuta wa namna hiyo. Haiwi utakatifu. Haimfundishi mwanamume kumpenda mke wake, wala haimrudishi nyumbani. Mhubiri anayedhani kwamba sanduku la kondomu linaweza kufanya kazi ya Injili hajaielewa Injili. Lakini mhubiri anayeubomoa ukuta kwa sababu hapendi yanayotendeka darini, na aisome tena sheria ile mpaka kwenye neno la damu.

“MCHUNGAJI, MNAWAFUNGULIA VIJANA MLANGO”

Tunawasikia. Baba mwenye binti wa miaka 16 ana haki ya kuogopa, nasi tunao mabinti. Hofu hiyo si ujinga, na tumechoka kuona wageni wa semina wakiicheka. Tumeona pia mambo yanayotukera: kondomu zinamwagwa mezani kama karanga, kijana anachukua fungu, hakuna mtu mzima aliyemsemesha neno juu ya mwili wake, juu ya msichana, juu ya mimba, juu ya kesho. Mtu si mnyama wa kuchanjwa na kuachiliwa. Katika hilo hatukubaliani na baadhi ya wenye miradi, na tumewaambia.

Lakini tujiulize kwa uaminifu. Vijana wetu walioingia katika mambo hayo kabla ya ndoa, ni kondomu iliyowafungulia mlango? Hapa kambini mlango ulifunguliwa na nyumba ya chumba kimoja yenye watu tisa. Ulifunguliwa na shule iliyokatika, na giza la njia ya kisimani, na simu anayonunuliwa msichana na mtu mwenye pesa. Hayo yote yapo hata boksi la kondomu likiwa tupu. Nalo huwa tupu mara nyingi.

Na iko sura nyingine ya Biblia tunayoiruka, Mwanzo 38. Tamari alikuwa mjane. Aliahidiwa kuolewa na Shela, akaambiwa angoje nyumbani kwa baba yake, akangoja mpaka akaona wamemsahau. Akakaa kando ya njia akiwa amejifunika uso. Yuda akapita, akamtaka. Miezi mitatu baadaye Yuda huyo huyo, aliposikia kwamba mjane ana mimba, alitoa amri atolewe nje achomwe moto. Hakuiona sehemu yake mpaka alipoonyeshwa muhuri na fimbo yake mwenyewe, ndipo akakiri kwamba yule mwanamke ana haki kuliko yeye.

Hapa kwetu chakula kilipunguzwa mwaka 2020, kikaendelea kupungua, na mwaka 2025 majina ya wengi yaliondolewa kabisa katika orodha. Wako wajane wenye watoto watano ambao tangu wakati huo wamejifunika uso kando ya njia. Kanisa linajua. Linajua pia baadhi ya akina Yuda, maana wengine hukaa benchi la mbele na fimbo zao tunazifahamu. Tukisimama mimbarani kuwakemea kina Tamari, halafu tukahubiri kwamba kondomu ni uongo, tumetoa amri ile ile ya moto, ila yetu inachoma polepole. Na tuseme wazi: mjane yule mara nyingi hana nguvu ya kudai. Mwenye duka akikataa kondomu, jioni hiyo watoto watakula au hawatakula kwa neno la mwenye duka. Kwa hiyo mafundisho ya kondomu yanayowafuata akina mama kliniki peke yao yamekosea njia. Na yaende kwa wanaume, kwa waendesha boda, kwa wenye maduka, na kwa kikao cha akina baba cha Jumamosi.

MNYORORO

Watu husikia “mpango wa taifa wa kondomu” wakadhani ni mabango. Ni mnyororo. Zinaagizwa mapema kabla ya ghala kuisha. Zinapimwa zikifika nchini; somo la Engabu lilifundisha hilo. Zinawekwa pakavu pasipo joto kali. Zinafika wilayani, kituo cha afya, na kwa wahudumu wa afya wa kijiji. Zinawekwa mahali ambapo mtu anaweza kuchukua bila aibu. Na anakuwapo mtu wa kueleza kwa lugha inayosikika. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazina kazi.

Tumetembelea vituo kadhaa tukiwa na wazee wawili wa kanisa. Katika kimoja boksi limepigiliwa ukutani karibu na lango, mbele ya benchi ambalo watu wote hungojea. Ni mke gani atachukua hapo, mama mkwe wake akiwa anamtazama? Katika kingine boksi lilikuwa na vumbi tu. Kondomu ya kike tuliulizia, hatukuiona popote. Maelezo yaliyobandikwa ni ya Kiingereza na Kinyankole, na mama wa Fizi anayatazama kama sisi tunavyotazama Kiebrania cha chuoni. Hayo si mambo ya mbinguni. Mtu akisogeza boksi nyuma ya jengo kwa misumari minne na nyundo, amefanya kazi ya taifa.

Mapema mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ikaonekana jinsi sehemu kubwa ya mnyororo ilivyoning'inia kwenye msumari mmoja. Hatulaumu aliyetoa miaka mingi. Tunasema tu kwamba nchi inapotafuta msumari wake yenyewe, makanisa yasiwe yanavuta upande mwingine.

Wengine watauliza: lakini leo kuna dawa, kondomu ya nini? Ni swali zuri. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenziwe inapungua kwa asilimia 96. Leo inajulikana kwamba akimeza vizuri mpaka virusi visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa. Tumshukuru Mungu kwa akili alizowapa watu. Lakini lazima kwanza mtu apime, ajue, apate dawa, na dawa zisikatike. Uchunguzi wa kitaifa wa miaka 2020 na 2021 ulikuta virusi kwa watu wazima wapatao 5.8 katika kila 100 nchini, wanawake 7.2 na wanaume 4.3. Wako kati yao wasiojijua. Tena dawa hizo hazizuii kisonono wala kaswende.

PADRE ALIYESEMA

Kuna mtumishi mmoja wa Uganda tunayependa vijana wa chuo cha Biblia wasikie habari zake, Kanoni Gideon Byamugisha wa kanisa la Anglikana. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1991. Mwaka uliofuata naye alijua kwamba ana virusi, na hakuficha. Akiwa padre, akiwa na kola shingoni, alisema. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza wa dini katika Afrika yote kufanya hivyo. Mwaka 1995 alioa tena, mke ambaye naye ana virusi, na wakapata watoto wasio na virusi.

Yeye na wenzake walisema jambo lililotuchoma. Kampeni za zamani zilipanga kinga kwa herufi tatu za Kiingereza: jizuie, ukishindwa, kuwa mwaminifu, ukishindwa na hilo, kondomu. Kwa mpango huo kondomu inakuwa zawadi ya walioshindwa, na kila aliye na virusi anaonekana amefeli mtihani. Lakini mama wa kwaya yetu alijizuia mpaka ndoa. Alikuwa mwaminifu katika ndoa. Alishinda mitihani yote miwili tuliyomwekea, akaambukizwa kitandani mwake mwenyewe, kwa sababu kitu cha tatu tulikuwa tumekipa jina la aibu, naye hakutaka aibu. Hata alipokishika mkononi, alikuja kwanza kuomba ruhusa kwetu.

Alituomba ruhusa. Neno hilo linaturudia kila mara tunapopanda mimbarani. Watu wetu wamepoteza nchi, mashamba, makaratasi. Kwa wengi mchungaji ni mtu wa mwisho ambaye neno lake halijabadilika tangu nyumbani. Muuguzi alisema kweli na hakusikilizwa. Sisi tulisema uongo na tulitiiwa.

KIKAO CHA WAZEE

Jambo hili tulilileta katika kikao cha wazee mwezi uliopita, na tulikaa mpaka taa ikaisha chaji. Hatukuelewana katika yote. Tulikubaliana kwamba hakuna mhubiri wa kanisa letu atakayesema tena habari ya vitundu, na aliyeisema zamani airudie mimbarani na kuikana, tukianza na sisi wenyewe Jumapili ijayo. Tulikubaliana kwamba wachumba wanaojiandaa kwa ndoa wapime damu na wafundishwe na muuguzi pamoja na mchungaji, kondomu ikiwemo, na kwamba akina baba watakuwa na siku yao. Juu ya vijana ambao hawajaoa tuligawanyika. Wengine walisema wafundishwe yote wakiwa na miaka 15, wengine walisema ni kuwasha moto kwenye nyasi kavu. Jambo hilo bado liko mezani, na wazazi wenye neno wawaone wazee wa vijiji vyao.

Mzee mmoja, ambaye tangu mwanzo alikuwa anapinga na hajaacha kupinga, alisimama mwishoni. Alisema maadamu yu hai boksi la kondomu halitapigiliwa ukuta wa nyumba ya Mungu. Tulikubali, na kwa kweli hatukuwa tumeliomba. Halafu akasema amesikia wahudumu wa afya wa kijiji chake hutembea kilomita saba kuchukua mizigo yao kituoni, na katoni hukaa juani wakisubiri mtu wa kuibeba. Yeye ana baiskeli. Atakuwa anazichukua Alhamisi asubuhi kabla ya jua kuwa kali, azifunike kwa turubai, azikabidhi kwao.

Ametuomba miwani. Anasema tarehe za mwisho zimeandikwa kwa herufi ndogo sana, na hataki kubeba zilizopitwa.